Printa Iliyokaa Matanga

Yustino alinipigia simu asubuhi nikiwa barazani nachambua mchele, akasema bila kuzunguka, "Dada Filo, Mama Somoe ametutoka." Akanyamaza, na mimi nikanyamaza. Sisi wawili tunaweza kunyamaziana kwenye simu bila kuulizana kama laini imekatika, na hilo si jambo dogo kwa watu ambao mwaka mzima wa ujana wao waliumaliza wakiulizana hivyo hivyo. Nilimuuliza anazikwa lini. Akasema leo leo, baada ya adhuhuri, nisingewahi hata kama ningepaa. "Wewe njoo kwenye matanga," akasema. "Mimi napanda kutoka Masasi sasa hivi." Basi nikauacha mchele na chuya zake, nikatia khanga kwenye mfuko, nikashika gari la Newala kutoka Mtwara. Njia nzima nilijaribu kumlilia Mama Somoe kama anavyostahili, na kila nilipoanza, kilichonijia si sura yake bali sauti ya ile printa ikikwaruza karatasi ndani ya chumba chenye harufu ya korosho. Nilijikasirikia. Mtu amekufa, nami nakumbuka mashine. Lakini kusema kweli yule mama na ile mashine sijawahi kuweza kuwatenganisha.

Sitasimulia hapa nilikozaliwa wala nilivyolelewa. Mambo hayo yanafanana na ya wenzangu wote wa Lukuledi: misheni, muhogo na kengele ya kanisa. Naanzia kwenye chumba. Kilikuwa kirefu, nusu ghala nusu ofisi, na zamani kilikuwa cha chama cha ushirika. Ilipoingia miaka ya ruksa, biashara ikaachiwa watu binafsi, wanunuzi wa korosho wakachipuka kila kona, na kampuni moja yenye makao Masasi ikakipanga chumba hicho, ikakipaka chokaa, ikamweka Mama Somoe awe msimamizi wake wa Newala, kisha ikaniajiri mimi kwa sababu nilijua kupiga taipu. Nilifika nikitarajia taipureta. Nikakuta meza ndogo iliyotengwa peke yake, na juu yake, chini ya kitambaa cheupe cha kufuma kama kile watu walichofunikia redio, kitu cha rangi ya majivu kilichomeza karatasi ndefu isiyo na mwisho, yenye vitobo pembeni, iliyopanda kutoka kwenye boksi sakafuni. Kando yake palikuwa na kisanduku chenye vitaa vyekundu, kimeungwa kwenye waya wa simu. Nilitazama chini ya meza, nikatazama nyuma ya mlango. "Kompyuta yenyewe iko wapi, mama?" nikauliza. Mama Somoe alikuwa anakunywa chai, hakuinua hata macho. "Masasi," akasema. "Hapa tumeletewa mdomo tu."

Kilichotuletea mdomo huo ni barabara. Kila lori la korosho lilitakiwa kuwa na hati ya kusafirishia, na hati zilitoka kwenye kompyuta kubwa ya Masasi ambayo wenyewe waliiita seva. Lori lililopakia Newala lilikuwa linashuka kwanza Masasi kufuata karatasi, kisha linazunguka Nanganga mpaka Mtwara, na huku Mtwara inafikika moja kwa moja kwa kupita Tandahimba. Wakubwa wakaamua karatasi ipande yenyewe kwa simu. Meneja alikuwa mtu wa bara, mwenye shati la mikono mifupi na haraka nyingi. Alikuja siku printa ilipofungwa, akasimama mbele ya wapakiaji, akatuambia kwamba hayo ni majaribio ya msimu mmoja. Mashine ikifanya kazi, ofisi ya Newala inabaki. Ikileta fujo, anaibeba, anafunga mlango, na sisi wawili kila mtu arudi shambani kwao. Mama Somoe alikuwa mjane, watoto wake wanasoma, na kazi ile ndiyo iliyokuwa imewashika shuleni. Mimi sikuwa na mtoto wala mume, ila tangu siku ile sikuwahi kutamani kitu kama nilivyotamani kuachwa karibu na mashine ile. Nilikuwa sijui inafanyaje kazi, na kutojua huko kulikuwa kunaniwasha mwili mzima.

Jaribio la kwanza lilikuja wakati wapakiaji wanashona magunia. Simu ililia, kisanduku kikaipokea chenyewe, kikalia kama bawaba isiyotiwa mafuta, kisha printa ikaanza kukwaruza. Watu wakaacha sindano zao wakajazana mlangoni. Yakatoka maneno: JARIBIO. NEWALA MNAPATA? Mama Somoe akavaa miwani, akasoma, akarudia kusoma. "Nani huyu?" akauliza. Nikamjibu kwamba ni mtambo wa Masasi. "Mtambo una vidole? Kuna mtu kaandika hapa. Mbona haamkii?" Nikasema pengine hakujua anamwandikia nani. "Basi mjulishe," akasema, akarudi kwenye chai yake. Nilisubiri kisanduku kikate, nikanyanyua mkono wa simu, nikapiga Masasi. Aliyepokea alikuwa kijana mwenye sauti ya mwimba kwaya, akajitaja Yustino. Nikamwambia karatasi imefika, lakini mama anauliza mbona humuamkii. Kukawa kimya, nikadhani laini imekatika. Kumbe alikuwa ameziba simu kwa kiganja, anacheka. Tangu kesho yake, kabla ya hati yoyote, ukurasa wa kwanza wa kila asubuhi ulikuwa ni huo huo: SHIKAMOO MAMA SOMOE. Naye popote alipokuwa chumbani alijibu kwa sauti, "Marahaba, baba," akaichana karatasi kwa uangalifu, akaitia kwenye droo. Wapakiaji walimtania kwamba anaongea na bati. Hakuwajali hata kidogo.

Mimi jambo lililonisumbua ni kwamba marahaba ile haikufika popote. Mashine ilijua kuleta, haikujua kupeleka. Yustino alituma salamu, akaamini zimeitikiwa, basi. Na hati zenyewe zilikuwa wapi kabla ya kufika? Nilimuuliza kwa simu, akaniambia zinapanga foleni ndani ya seva, moja nyuma ya nyingine, printa ikiwa tayari inazipokea kwa zamu. Foleni nilizijua, nilikuwa nimepanga foleni za sukari nikiwa mtoto, lakini foleni ya karatasi ambazo bado si karatasi ilinishinda. Jumapili moja, badala ya kupumzika, nilifuata waya wa simu kwa miguu kutoka ofisini, nguzo baada ya nguzo, nikapita mikorosho iliyojaa mabibo mekundu na nzi wake, mpaka ukingoni ambapo Newala inakatika ghafla na nchi yote ya chini inaonekana. Waya uliteremka ukapotea kwenye miti. Nilikaa pale nikiusikiliza, nikitegemea nini sijui. Niliporudi Mama Somoe aliniuliza nimeona nini. Nikasema nyaya tu. "Nangu ningekuambia hivyo hivyo bila kukuchosha miguu," akasema, yaani yeye angeniambia, kwa Kimakonde chake ambacho hakikukaa mbali na Kiswahili, kisha akanisogezea sahani ya ugali wa muhogo na mbaazi za nazi.

Ukuta wa ofisi ulikuwa mmoja na wa nyumba ya Mzee Chitanda, mkulima aliyekuwa amezeeka na kubaki nyumbani na mkewe. Ukuta ule ulikuwa wa udongo, na tulikula chakula chetu cha mchana huku tukisikia yao yote. Siku za mwanzo tulimsikia mzee akiuliza, "Hawa wenzetu wanakwangua nini?" Mkewe akajibu ni nazi. Baada ya muda akauliza tena, "Nazi gani haziishi?" Mama Somoe alicheka mpaka mbaazi zikampalia. Akamwita aje aone. Mzee akaja na koti lake, akaizunguka printa, akainama akaitazama chini kama mtu anayekagua mbuzi wa kununua. Kisha akaniuliza kwa upole kama inaweza kuandika Chitanda. Nikampigia Yustino. Tukasubiri, simu ikalia, kisanduku kikapiga kelele zake, na jina likatoka kwa herufi kubwa katikati ya ukurasa mtupu. Mzee hakuweza kusoma, lakini aliifuata kila herufi kwa kidole, akauliza, "Na huyo aliyeko Masasi, ananijua?" Nikasema sasa anakujua. Akaikunja ile karatasi akaitia mfukoni mwa koti, na tangu siku hiyo printa ikianza tu tulimsikia ng'ambo ya ukuta akimwambia mkewe, "Kijana wa Masasi huyo."

Mzee Chitanda alifariki katikati ya msimu, wakati magari yanagombania nafasi ghalani. Kwetu kule mtu akifa, majirani hawatwangi. Vinu vinalazwa, mashine ya kusaga ikiwa karibu inanyamaza, mpaka matanga yaanuliwe. Mama Somoe aliingia ofisini akitoka kuwafunga wafiwa vitambaa vya msiba, akanikuta nimeshika utepe mpya wa wino. "Zima hiyo," akasema. Nikamkumbusha hati, nikamkumbusha Meneja na majaribio yake. Aliniacha nimalize. "Filo, mwanangu, ukuta ni mmoja. Watu wanalia huku, sisi tunakwangua huku? Masasi nao wana wafu wao. Wataelewa." Nikasema basi nimpigie Yustino aelewe mapema. Nikapiga, laini ya Masasi ikawa inatumika. Nikapiga tena, vilevile. Mama Somoe alikuwa ameshasimama mlangoni na kufuli. Nikazima printa, nikaifunika kitambaa chake, yeye akafunga mlango akaufunga ufunguo kwenye pindo la khanga, tukaenda kuteka maji na kuchambua mbaazi pamoja na wanawake wengine. Dereva mmoja ambaye lori lake lilikuwa limekwisha kupakiwa alikuja kunung'unika. Mama Somoe akamsikiliza, akampa pole ya kucheleweshwa, akamwonyesha wanaume walikokuwa wanachimba kaburi. Jioni dereva yule alikuwa amekaa mkekani na udongo kwenye suruali, anakula ubwabwa wa msiba kama mwenyeji.

Matanga yalipoanuliwa tukafungua ofisi. Nikawasha printa, na kabla sijaweka vizuri kitambaa mkononi, ikaanza. Sikuwahi kuiona ikienda namna ile. Ilitoka salamu, ikafuata hati ya lori la yule dereva. Kisha hati ile ile. Kisha ile ile tena. Ikaja salamu ya pili, SHIKAMOO MAMA SOMOE. MNAPATA? na nyuma yake hati zile zile. Ikaja nyingine, SHIKAMOO MAMA SOMOE. KUNA NINI HUKO? na hati tena, na mwisho kabisa, SHIKAMOO MAMA SOMOE. DADA FILO JIBU. Mama Somoe aliziitikia zote, moja moja, kadiri zilivyotoka, na sauti yake ikawa inapungua. Karatasi zilikuwa zimejaa sakafuni. Dereva aliyekuja kuchukua hati yake alisimama mlangoni akatazama. "Dada," akaniambia, "lori langu limezaa." Alikuwa anatania, lakini wapakiaji walisikia, na walioko nje wakasikia kwa wapakiaji. Kila moja ya karatasi zile ilikuwa na nembo ya kampuni na namba ya gari, na ingepita kizuizi chochote. Mtu mwenye nia mbaya angesafirisha korosho za watu kwa hati ambazo zote ni halali. Tukampa dereva moja akaondoka, zilizobaki Mama Somoe akazifungia kwenye droo ya salamu. Lakini maneno yalishateremka Masasi bila waya: Newala wanajichapia hati wanavyotaka.

Meneja alikuja na pikapu, na kwenye kiti cha pembeni akashuka kijana mfupi mwenye masikio makubwa. Nilimtambua aliposema shikamoo, kwa sababu ya sauti. Meneja hakumsalimu mtu. Aliomba zile karatasi, akazipekua, akauliza nani katuagiza kuzichapa. Mama Somoe akasema hakuna aliyechapa, zimekuja. "Zimekuja," Meneja akarudia. Kisha akawaamuru wapakiaji waichomoe printa, waipakie. Nilisimama pale nikaona waya ukichomolewa, karatasi ikikunjwa ovyo, kitambaa kikianguka chini, na nasema wazi kwamba nililia. Sikulia kwa ajili ya mshahara. Nililia kwa kuwa nilikuwa bado sijaelewa. Mama Somoe aliokota kitambaa akakikung'uta. "Mashine ni yenu, Meneja," akasema. "Chukueni. Ila umefika ukuta uliofiwa, na hujatoa pole. Njoo kwanza utoe pole, ndipo uondoke."

Sijui ni haya au ni njaa, lakini alikuja. Tulizunguka ukuta, tukamkuta mjane amekaa kwenye mkeka na ndugu zake waliobaki. Meneja akatoa pole kwa sauti ya mtu anayewahi, akaketi kwa kuwa hakuna anayetoa pole kwa kusimama, na mwanamke mmoja akamfunulia sahani ya ugali na kisamvu. Mbele yake, ukutani, ile karatasi iliyoandikwa CHITANDA ilikuwa imebandikwa kwa msumari, mikunjo ya mfukoni ikionekana, vitobo vikiwa bado pembeni. Meneja aliitazama kwa muda. Karatasi yake aliijua. "Hii nayo imetoka wapi?" akauliza. Mjane akamjibu, "Mlimwandikia wenyewe, baba, kutoka Masasi. Alikuwa akiipenda. Alisema huko kuna kijana anamjua."

Yustino alikuwa amechuchumaa pembeni. Naye alikuwa wa majaribio, kama sisi, na angeweza kukaa kimya mpaka pikapu iondoke. "Niliiandika mimi, Bosi," akasema. "Na zile hati nimezituma mimi. Kila uliponiambia tuma tena, nilituma tena. Hapa printa ilikuwa imezimwa, hawakuchapa kitu. Zote zilikuwa kwetu, kwenye foleni, zinasubiri." Meneja akamuuliza mbona hakusema. "Uliniambia tuma. Hukuniuliza zinakwenda wapi." Meneja alitazama sahani yake, akamega tonge, akala, akamega jingine. Kisha akamgeukia Mama Somoe akauliza, na safari hii aliuliza kama mtu anayetaka kujua: "Na akifa mwingine?" Mama Somoe akasema, "Atakufa tu, Meneja. Hapa wanaishi watu." Yustino akaingilia kwamba foleni inaweza kushikiliwa. Akipigiwa simu tu, anaishikilia ya Newala peke yake. Hakuna kitakachotoka wala kitakachojirudia mpaka aambiwe aiachie. "Kwa hiyo kila msiba wa Newala mimi nisubiri?" Meneja akauliza. "Sio kila msiba," akasema Mama Somoe. "Wa ukuta huu tu." Meneja alinawa mikono, akatoka nje, na tukamsikia akiwaambia wapakiaji waishushe printa taratibu, si gunia hilo. Hati zilizozidi alizitia mwenyewe kwenye moto wa jikoni kwa wafiwa, akasimama mpaka zikaisha.

Ofisi ilibaki, msimu ule na mingine iliyofuata, mpaka kampuni yenyewe ilipofungasha virago kama kampuni nyingi za wakati ule. Mimi maisha yangu yote yaliyofuata yamekuwa ya kompyuta, Mtwara kwa sehemu kubwa, na nimeshaelewa siku nyingi jinsi karatasi inavyosubiri kabla ya kuwa karatasi. Yustino naye alibaki Masasi na mitambo yake. Kwa miaka, mmoja wetu akifiwa, mwingine akipiga simu alisema neno moja, "Nimeshikilia," na lilitosha kuliko rambirambi.

Nilifika Newala jua likiwa limeinama, watu wameshatoka makaburini. Mama Somoe alikuwa amekufa ndani ya nyumba ya Mzee Chitanda, aliyoinunua kwa mjane zamani, kwa hiyo matanga yake yalikaa kwenye ukuta ule ule, ingawa sasa ni wa matofali. Nilimkuta Yustino amekaa na wanaume, kichwa hakina unywele. Nilipokwisha kulia na kunawa uso alinikonyeza tuzunguke. Chumba chetu kimekuwa ofisi ya chama cha wakulima, kina mlango wa chuma na dirisha la kioo. Tukachungulia. Ndani palikuwa na printa ndogo nyeusi, imezimwa, imefunikwa kitambaa. Binti anayefanya kazi mle alikuwa nje, anakatakata vitunguu vya msiba, akatuamkia. Yustino akamuuliza mbona mashine imezimwa, siku za kazi hizi. "Kuna matanga, baba," binti akasema. "Tumewapigia wenzetu Masasi, wameshikilia." Yustino akauliza ni nani aliyewafundisha hivyo. Binti akafikiri, kisu kikiwa juu ya kitunguu. "Hakuna aliyetufundisha," akasema. "Tumekuta hivyo." Yustino akaenda kuchota maji.

Nilikaa mpaka matanga yakaanuliwa. Asubuhi ile binti alifungua mlango wa chuma, nasi tukaingia naye, wazee wawili wasio na kazi pale. Yustino alikuwa ameshazungumza kwa simu na vijana wa Masasi, sikujua anawaambia nini. Binti akakunja kitambaa, akaiwasha printa. Za siku hizi hazipigi kelele; ilipumua tu, ikatoa ukurasa mmoja wenye maneno machache katikati. Binti akausoma kwa sauti, "Shikamoo Mama Somoe," akageuka akatutazama, karatasi mkononi, hajui aifanyeje. Yustino alikuwa anatazama sakafu.

"Marahaba, baba," nikaitikia mimi.